Leseni ya pombe na burudani kwa hoteli mpya England na Wales: mwongozo kamili

Hoteli inaweza kuwa na vitanda vimetandikwa, wapishi wameajiriwa na wageni wa kwanza wameshalipia vyumba, lakini baa ikabaki na pazia kwa sababu karatasi moja haijatoka halmashauri. Kuuza pombe bila leseni si kosa la kuonywa na kuachiwa. Kifungu cha 136 cha Sheria ya Leseni ya 2003 kinatoa faini isiyo na kikomo, kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Mwongozo huu ni wa mtu anayefungua hoteli England au Wales. Uskoti na Ireland ya Kaskazini wana sheria zao, na fomu za huku hazifai kule.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: vita ya leseni hupiganwa kabla fomu haijawasilishwa. Kujaza visanduku anaweza yeyote. Kinachoamua kama utapata saa ulizoomba ni vile ulivyoeleza utakavyoiendesha hoteli, na kama polisi, afisa wa kelele na majirani walikusikia wewe kwanza au walikutana na habari zako kwenye tangazo lililobandikwa ukutani.

Unaomba nini hasa?

Leseni hii hufungwa kwenye jengo. Hutolewa na halmashauri ya eneo hoteli ilipo, na kwa hoteli inabeba mambo matatu: kuuza pombe, burudani zinazodhibitiwa na sheria, na kuuza chakula au kinywaji cha moto kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri. Saa zote humu nazitaja kwa hesabu yetu. Kwenye fomu utaandika kwa mtindo wa saa 24, yaani saa tano usiku inakuwa 23:00.

Kabla ya sheria hii kuanza kutumika tarehe 24 Novemba 2005, ruhusa ya pombe ilitoka kwa mahakimu na ya burudani halmashauri. Sasa yote yamo katika ombi moja, ndiyo maana watu huzungumzia leseni ya pombe na burudani kana kwamba ni kitu kimoja.

Pombe haina mjadala: unaiuza, unaiombea. Andika kama ni ya kunywea hapo hapo, ya kuondoka nayo, au zote mbili. Mgeni anayenunua chupa ya mvinyo aende nayo kwa rafiki yake ameondoka nayo, hata kama wewe unaiita huduma ya baa.

Chakula cha usiku kina msamaha wake. Supu unayompelekea chumbani mgeni aliyelala hotelini saa saba usiku haihitaji ruhusa hii. Anayeihitaji ni mteja wa kutoka nje anayeingia kununua chipsi za moto baada ya saa tano.

Kwenye burudani ndipo wengi huomba zaidi ya wanachohitaji. Sheria ya Muziki wa Moja kwa Moja ya 2012 na marekebisho yaliyoanza Aprili 2015 yalilegeza mambo sana. Kati ya saa mbili asubuhi na saa tano usiku, jengo lenye leseni ya kunywea pombe hapo hapo linaweza kupiga muziki wa bendi wenye vipaza sauti, au muziki wa kurekodiwa, mbele ya watu wasiozidi 500 bila kuomba ruhusa ya burudani. Muziki usio na vipaza sauti, kama mpiga piano kwenye ukumbi wa mapokezi, hauna hata kikomo cha watu ndani ya saa hizo. Michezo ya jukwaani na ngoma mbele ya watu hadi 500 nayo imo kwenye msamaha. Televisheni inayoonyesha mpira mubashara haihesabiwi kabisa.

Kinachobaki kuombewa ni muziki unaovuka saa tano usiku, filamu (ukitaka sinema ya bustanini kiangazi, weka), na ndondi au mieleka kama kweli utakuwa na usiku wa namna hiyo. Harusi ya waalikwa ambao hawakutozwa kiingilio, maharusi wakiwa wamejiletea DJ wao, kwa kawaida si burudani inayodhibitiwa. Baa inayouza pombe kwenye harusi hiyo, hiyo inadhibitiwa. Hata hivyo, ukumbi ukitegemea harusi kwa mapato yake, omba muziki hadi saa utakayofunga, maana sherehe ijayo inaweza kuwa yako mwenyewe, ya tiketi.

Kila kisanduku unachotia tiki bila sababu kinampa jirani sababu ya kuandika barua. Nimeona fomu za hoteli za vyumba kumi na mbili zikiwa zimetiwa tiki kila mahali, mieleka ikiwemo.

Halafu kuna friji ndogo za vyumbani. Bia iliyomo ni pombe inayouzwa, kwa hiyo vyumba lazima viwe ndani ya eneo linaloombewa leseni. Hapa hoteli ina nafasi ambayo baa ya kawaida haina: unaweza kuomba saa 24 kwa wageni waliolala hotelini, na saa za kawaida kwa wateja wa nje. Halmashauri nyingi hazisumbuki na hilo, mradi umeeleza utawatofautishaje. Tofauti hiyo itarudi tena mbele.

Soma sera ya halmashauri kabla ya kumlipa mtu yeyote

Kila halmashauri ina tamko la sera ya leseni, nalo hupitiwa upya angalau kila baada ya miaka 5. Liko kwenye tovuti yao. Tafuta mambo mawili. La kwanza ni saa wanazopendelea kwa aina ya mtaa wako. La pili, na zito zaidi, ni kama mtaa umo kwenye eneo la athari limbikizi, yaani mahali ambapo halmashauri imetangaza kwamba baa na kumbi zimeshakuwa nyingi kiasi cha kuleta matatizo. Tangu Aprili 2018 tathmini hizo zina msingi wake ndani ya sheria yenyewe. Hoteli ndani ya eneo kama hilo inaweza kupewa leseni, lakini mzigo wa kuonyesha kwamba hutaongeza tatizo unakuwa wako. Hoteli zina hoja nzuri hapo: mteja aliyelala juu hatoki nje saa nane usiku kutafuta teksi.

Kibali cha mipango miji ni jambo lingine kabisa, na usiyachanganye. Kuwa na kibali cha kuendesha hoteli hakukupi leseni, na leseni haikupi kibali. Kama kibali kina sharti kwamba bustani ya nyuma ifungwe saa nne usiku na leseni inasema saa sita, unafunga saa nne. Chukua nakala ya kibali, pigia mstari kila sharti linalotaja saa, kelele, maegesho na eneo la nje, kisha andika ombi lako likiendana nayo.

Baada ya hapo piga simu. Halmashauri nyingi hutoa ushauri wa kabla ya ombi, zingine kwa malipo. Omba kuonana na afisa leseni wa polisi na afisa wa afya ya mazingira, ambaye ndiye afisa wa kelele, wakija kwenye jengo lenyewe kama inawezekana. Afisa wa kelele akisimama kwenye ukumbi akaona dirisha linalotazama chumba cha kulala cha nyumba ya pili, atakuambia papo hapo kitakachomfanya apinge. Hilo ni jibu la kulipata kabla ya spika kufungwa ukutani.

Kama jengo halijaisha

Njia ni mbili. Ukiwa na mpango kamili wa jengo na unajua utakavyoendesha, omba leseni kamili sasa hivi, ukitaja tarehe ya baadaye ya kuanza. Ukiwa bado unatafuta wafadhili na mambo hayajatulia, omba tamko la awali. Hili huonyesha mapema kama halmashauri na wengine wana tatizo na jengo likijengwa kama lilivyochorwa, na baadaye ukiomba leseni kamili kwa kazi ile ile, watu hawawezi kuleta bila sababu nzito pingamizi ambalo wangeweza kulileta mwanzo. Ada yake ni pauni 315.

Mimi ningekwenda moja kwa moja kwenye leseni kamili pale ramani zinapokuwa zimetulia. Tamko la awali halikuruhusu kuuza hata soda yenye pombe. Bado utalipa na kusubiri mara ya pili.

Msimamizi mteule na leseni binafsi

Leseni ya jengo inayoruhusu pombe ni lazima itaje msimamizi mteule, ambaye kila mtu kwenye kazi hii humwita DPS. Ni mmoja tu kwa jengo, na ni lazima awe na leseni binafsi. Huyu ndiye polisi watakayempigia simu mambo yakiharibika, kwa hiyo usimwandike ndugu anayeishi mbali kwa sababu tu cheti anacho. Si lazima awepo kila dakika baa ikiwa wazi, ila kila mauzo ya pombe yafanyike kwa idhini ya mwenye leseni binafsi. Weka idhini hiyo kwa maandishi, majina ya wahudumu na sahihi zao, ikae nyuma ya kaunta.

Leseni binafsi huombwa kwenye halmashauri ya mahali mtu anapoishi, hata kama hoteli iko mji mwingine. Anatakiwa awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe na cheti cha ngazi ya pili cha wenye leseni binafsi kinachojulikana kama APLH, aonyeshe haki ya kufanya kazi Uingereza, na alete taarifa ya msingi ya DBS ya rekodi ya jinai isiyozidi mwezi mmoja. Hilo la mwezi mmoja huwakwamisha wengi: wanaomba DBS kwanza, halafu mafunzo, na taarifa inachacha. Fanya mafunzo, pata cheti, ndipo uombe DBS. Ada ni pauni 37, na tangu Aprili 2015 leseni hii haina tarehe ya kuisha.

Kwa hoteli yenye mapokezi ya usiku kucha ningependa watu watatu au wanne wawe nayo. Msimamizi akiacha kazi ghafla, una wa kumweka mahali pake siku hiyo hiyo kwa ombi la pauni 23.

Ramani

Miongozo ya serikali haikulazimishi kuajiri mchoraji wala kutumia kipimo fulani. Inataka ramani iwe wazi na isomeke. Kwa hoteli ndogo, ramani ya msanifu majengo aliyekujengea inatosha ukiirekebisha. Ionyeshe mpaka wa jengo, kuta za nje na za ndani, milango ya kuingilia na kutokea, njia za dharura, ngazi na lifti, vyoo, jiko, vifaa vya zimamoto na mahali vilipo, jukwaa au sakafu iliyoinuliwa na kimo chake, na vitu vilivyofungwa imara vinavyoweza kuzuia watu kutoka. Kisha onyesha ni wapi shughuli gani itafanyika.

Makosa ya hoteli huwa mawili. Moja ni kusahau vyumba na korido, halafu friji za vyumbani zinakosa leseni. La pili ni bustani. Kama wateja watanunua kaunta ya ndani na kunywea nje, mauzo yamefanyika ndani na bustani si lazima iwe ndani ya mstari mwekundu unaoonyesha eneo la leseni kwenye ramani. Ukitaka kufunga kaunta ya kiangazi huko nje, lazima iwemo. Amua sasa. Meza zinazohamishika usizichore zote. Ukichora kila kiti, kesho ukihamisha makochi utaanza kujiuliza kama umevunja leseni.

Mpango wa uendeshaji: hapa ndipo leseni inapopatikana

Sheria ina malengo manne: kuzuia uhalifu na vurugu, usalama wa umma, kuzuia kero kwa umma, na kuwalinda watoto dhidi ya madhara. Hakuna la tano. Fomu itakuuliza utafanya nini kwa kila lengo, na majibu yako yatageuzwa kuwa masharti ya leseni. Sentensi hiyo isome tena. Unachoahidi kwenye fomu, hata kwa kujipendekeza, kesho ni sheria kwako, na kuvunja sharti kunakurudisha kwenye kifungu kile kile cha 136.

Chukua mfano wa kelele. Mwombaji anaandika: «Tutahakikisha muziki hausumbui majirani.» Inasikika vizuri, lakini haipimiki na haimtulizi mtu. Afisa wa afya ya mazingira atapinga ili apate kitu cha kushika. Linganisha na hili: «Kuanzia saa tano usiku milango na madirisha ya ukumbi yatafungwa isipokuwa mtu anapopita. Muziki wote wa ukumbini, pamoja na wa DJ aliyeletwa na mteja, utapita kwenye kidhibiti sauti cha hoteli, kilichowekwa kiwango kwa kukubaliana na afisa wa afya ya mazingira.» Maneno «aliyeletwa na mteja» yana thamani kubwa. DJ wa harusi huja na spika zake na soketi anaijua, na bila sharti hilo kidhibiti chako kitakuwa pambo la ukutani.

Mfano wa kamera. Wengi huandika kwamba kamera za CCTV zitarekodi muda wote na picha zitahifadhiwa siku 31, kwa sababu ndicho polisi hupenda kusikia. Sawa. Lakini mara nyingi huongezwa kwamba wakati wote atakuwepo mfanyakazi anayeweza kutoa picha hizo polisi wakizihitaji. Je, yule wa mapokezi wa zamu ya usiku anaijua hiyo mashine? Kama hajui, usiku wa kwanza polisi wakija umeshavunja sharti uliloliandika mwenyewe. Ama mfundishe, ama andika kwamba picha zitatolewa ndani ya saa 24.

Sasa mambo ya hoteli yenyewe. Eleza mgeni wa chumbani ni nani: aliyesajiliwa na analala usiku huo. Kama unataka awe na haki ya kumnunulia rafiki aliyemtembelea, andika idadi ya wageni anaoruhusiwa, na kwamba pombe ya baada ya saa za kawaida itaandikwa kwenye akaunti ya chumba. Njia hiyo ni rahisi kuthibitisha kuliko kumuuliza kila mtu funguo zake. Bila maelezo hayo polisi wataona mlango wa nyuma wa baa ya usiku kucha, na hawatakuwa wamekosea sana.

Eleza harusi inavyoisha. Watu 150 wanaotoka kwa pamoja saa sita na nusu usiku ndiyo hofu kubwa ya jirani, kuliko muziki. Sema muziki utashushwa nusu saa kabla, teksi zitasimama wapi, wavuta sigara watakaa upande gani baada ya saa tano, nani atakuwa mlangoni. Ukisema utaweka mabaunsa, wawe na leseni ya SIA, mamlaka inayosimamia walinzi binafsi. Usiahidi mabaunsa kila usiku kwa hoteli ambayo Jumanne ina wazee sita wanakunywa chai; andika kwamba watawekwa kwa matukio yanayozidi idadi fulani ya watu, au kwa tathmini ya hatari iliyoandikwa.

Chupa tupu nazo zina mahali pake. Kumwaga kreti ya chupa kwenye pipa saa saba usiku huamsha mtaa kuliko bendi. Ahidi kutozitoa kati ya saa tano usiku na saa moja asubuhi, na hakikisha gari la taka halijapangiwa saa kumi na moja.

Kwa watoto, ahidi utaratibu wa kumwomba kitambulisho yeyote anayeonekana chini ya miaka 25, kitabu cha kuandika waliokataliwa, na mafunzo ya wahudumu yenye sahihi. Kumbuka kwenye harusi kwamba kijana wa miaka 16 au 17 anaweza kunywa bia, mvinyo au saida mezani pamoja na chakula, akinunuliwa na mtu mzima aliye naye. Pombe kali hapana, hata kama baba mzazi ndiye anayelipa.

Usisahau sehemu ya saa zisizo za kawaida. Mkesha wa mwaka mpya uandike hapo hapo. Usipouandika, kila Desemba utakuwa unaomba ruhusa ya muda.

Ada

Hulipwa kwa kufuata thamani ya jengo inayotumika kukadiria kodi ya biashara. Hadi 4,300 ni pauni 100. Kuanzia 4,301 hadi 33,000 ni 190. Hadi 87,000 ni 315, hadi 125,000 ni 450, na zaidi ya hapo 635. Jengo ambalo bado liko kwenye ujenzi huwekwa kwenye daraja la 315. Kuna nyongeza kubwa kwa madaraja mawili ya juu pale jengo linapotumika hasa kwa kuuza pombe ya kunywea hapo, lakini hoteli ya kweli kwa kawaida haimo humo.

Kuwasilisha na kutangaza

Wasilisha kwa mtandao. Ukifanya hivyo, halmashauri ndiyo inayosambaza nakala kwa mamlaka husika. Ukipeleka karatasi, wewe ndiye utakayemtumia kila mmoja: polisi, zimamoto, afya ya mazingira, afya na usalama kazini, mipango miji, ulinzi wa watoto, afya ya umma, viwango vya biashara na Wizara ya Mambo ya Ndani. Ukimsahau mmoja, ombi halijakamilika. Ambatanisha ramani, fomu ya ridhaa ya msimamizi mteule, ada, na kama mwombaji ni mtu binafsi badala ya kampuni, uthibitisho wa haki ya kufanya kazi.

Kesho yake tangazo liwe ukutani. Karatasi ya A4 au kubwa zaidi, rangi ya samawati hafifu, maandishi meusi ya ukubwa wa 16 au zaidi, mahali mpita njia anaweza kulisoma, kwa siku 28 mfululizo. Uzio wa hoteli ukiwa mrefu, liongezwe jingine kila baada ya mita 50 kando ya barabara. Liwe na jina la mwombaji, anwani ya hoteli, shughuli zinazoombwa, anwani na tovuti ya halmashauri, tarehe ya mwisho ya kutoa maoni, na onyo kuhusu kutoa taarifa za uongo pamoja na adhabu yake.

Sheria imetaka pia tangazo litoke mara moja kwenye gazeti la eneo ndani ya siku 10 za kazi. Kikosi kazi cha serikali kuhusu leseni kilipendekeza mwaka 2025 sharti la gazeti lifutwe, kwa hiyo uliza idara ya leseni kabla ya kulipia, maana nafasi hizo si za bei ya bure.

Kosa dogo kwenye tangazo linaweza kurudisha hesabu ya siku 28 mwanzo. Tarehe ya mwisho ikikosewa kwa siku moja, au karatasi ikichapwa nyeupe kwa sababu printa haikuwa na nyingine, mpinzani mwenye macho atalitaja. Lifunike kwa plastiki, libandike kwa ndani ya kioo kama kuna dirisha, na lipige picha yenye tarehe kila unapopita. Mvua ya huku haina heshima na karatasi.

Siku 28 za kusubiri si za kukaa

Katika muda huo mamlaka husika na mtu yeyote mwingine wanaweza kuleta maoni. Tangu 2012 si lazima mtu awe jirani wa karibu. Maoni yahusu moja ya malengo manne. Thamani ya nyumba kushuka au baa ya jirani kuogopa ushindani si hoja. Pingamizi likiwa la utani au la kusumbua tu, halmashauri hulikataa.

Barua pepe ya polisi au afisa wa kelele huja mara nyingi wiki ya tatu, ikiwa na orodha ya masharti. Ijibu siku hiyo hiyo. Yale unayoyaweza, kubali. Usiyoyaweza, pendekeza maneno mengine badala ya kukataa tu. Ukikubaliana nao kwa maandishi, wanaondoa pingamizi.

Kwa majirani, waalike wakauone ukumbi. Waonyeshe mahali pa teksi, wape namba ya simu ya meneja wa zamu. Wengine hawatabadilika, na hilo ni haki yao. Ila jirani aliyekunywa chai yako huandika barua tofauti na yule aliyekutana na karatasi ya samawati akitoka kazini.

Ikipita siku ya 28 bila maoni yoyote yanayokubalika, halmashauri haina hiari: lazima itoe leseni, ikiwa na masharti ya lazima na yale yanayolingana na mpango wako.

Kikao cha kamati

Maoni yakibaki, kikao hufanyika ndani ya siku 20 za kazi baada ya muda wa maoni kuisha. Hukaa madiwani watatu. Utapata taarifa siku 10 za kazi kabla, pamoja na kitabu cha nyaraka zote. Kisome chote, na peleka nyaraka zako mapema badala ya kuzigawa mlangoni.

Wakili si lazima, ila kwa hoteli kubwa au mtaa wenye athari limbikizi ningemlipa. Mwenyewe uwepo kwa vyovyote, na uje na meneja atakayeendesha. Madiwani huuliza ya kawaida: muziki ukisikika chumbani kwa mama wa nyumba ya pili, nani anapokea simu na ana mamlaka ya kumzima DJ? Anayejibu kwa jina na cheo anaaminika kuliko anayesoma sera.

Majirani wakieleza hofu tupu ya yatakayotokea, kuna kesi ya kukumbuka. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ilitengua uamuzi wa mahakimu wa Wirral waliopunguza saa za Saughall Hotel, iliyokuwa ya kampuni ya Thwaites, kwa sababu waliegemea dhana badala ya ushahidi. Ipo kila mahali kwenye nyaraka za mawakili. Usiitumie kama rungu; madiwani huchaguliwa na majirani hao. Taja kwa upole kwamba polisi na afisa wa kelele hawana pingamizi, kisha nyamaza.

Kamati inaweza kutoa leseni kama ulivyoomba, kuongeza masharti, kuondoa shughuli fulani, kumkataa msimamizi, au kukataa ombi lote. Asiyeridhika ana siku 21 tangu apewe taarifa ya uamuzi kukata rufaa kwa mahakimu, na majirani waliotoa maoni wana haki hiyo pia. Kwa hesabu hizi, wasilisha ombi si chini ya miezi mitatu kabla ya kufungua, na ukiwa na mtaa mgumu anza miezi sita kabla.

Ukichelewa na ufunguzi umeshatangazwa, kuna taarifa ya tukio la muda, TEN kwa wenye kazi yao. Ni pauni 21, watu wasiozidi 499 wakiwemo wafanyakazi, muda usiozidi saa 168, na ipelekwe siku 10 kamili za kazi kabla. Itakuokoa usiku wa ufunguzi. Haiwezi kuendesha hoteli.

Leseni ikishatoka

Muhtasari wa leseni ubandikwe mahali unapoonekana, na leseni yenyewe au nakala iliyothibitishwa iwepo jengoni pamoja na ramani. Ada ya kila mwaka hulipwa tarehe leseni ilipotolewa, kati ya pauni 70 na 350 kwa hoteli za kawaida. Usipoilipa leseni husimamishwa.

Masharti ya lazima unayo hata kama hukuyaandika: maji ya bomba bure kwa mteja anayeomba, hakuna promosheni za kuwafanya watu wanywe kupita kiasi, hakuna kuuza chini ya jumla ya ushuru na VAT, na vipimo vidogo viwepo, yaani nusu painti ya bia, mililita 25 au 35 za pombe kali, na mililita 125 za mvinyo. Hili la mvinyo hukamatisha hoteli nyingi kwa sababu menyu imeandikwa 175 na 250 tu. Rekebisha menyu kabla haijachapwa.

Leseni ya halmashauri haikulipii haki za wanamuziki. Muziki wa baa, lifti na ukumbi unahitaji leseni ya PPL PRS, kampuni inayokusanya malipo ya haki hizo, na televisheni za vyumbani leseni ya hoteli kutoka idara ya leseni za televisheni. Jiko lisajiliwe halmashauri kama biashara ya chakula siku 28 kabla ya kufungua, bila malipo. Kama jengo litakuwa na watu 200 au zaidi kwa wakati mmoja, soma pia Sheria ya 2025 ya ulinzi wa majengo dhidi ya ugaidi, iliyopewa angalau miaka miwili ya maandalizi kabla ya kuanza kutumika.

Na fundi akikuambia kaunta ya baa ingependeza zaidi ukuta wa pili, mwache asubiri. Mabadiliko madogo ya ramani yasiyogusa malengo manne yana ombi lake la pauni 89, na hujibiwa ndani ya siku 15 za kazi. Kuongeza saa za pombe usiku hakumo katika madogo. Hilo ni ombi kamili, na tangazo la samawati linarudi ukutani.